Maji Njiani: Kiu Ndiyo Kipimo

Mkimbiaji wa masafa marefu hutoka jasho la kati ya nusu lita na lita mbili kwa saa, kutegemea uzito wake, kasi yake na joto la siku. Mwaka 1996 Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kilishauri wanamichezo wafidie jasho lote, au wanywe kadiri tumbo linavyopokea, bila kungoja kiu. Ushauri huo ulienea kote, na ukaumiza watu.

Mtu akinywa maji mengi kuliko anayopoteza, sodiamu iliyomo katika damu huzimuliwa. Akiwa ametulia, figo zingeitoa ziada hiyo kwa mkojo. Akiwa mbioni, mwili humwaga homoni inayozizuia. Maji hukimbilia ndani ya seli, nazo huvimba. Ubongo, uliofungwa ndani ya fuvu, hauna pa kutanukia. Kichwa huuma, mtu hutapika, huchanganyikiwa, hupata degedege, na wengine wamekufa.

Katika Boston Marathon ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya kumaliza. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu, na watatu kati yao walikuwa katika hali ya kutishia maisha. Walioathirika zaidi ni walioongezeka uzito njiani na waliokimbia zaidi ya saa nne. Wakimbiaji wa nyuma hutoka jasho kidogo na hupata nafasi ya kunywa katika kila meza ya maji. Hao ndio wanaostahili kuonywa kwanza. Kinyume na hao walioongezeka uzito, mwanariadha Haile Gebrselassie alishinda marathon ya Dubai mwaka 2009 kwa saa 2:05:29, akiwa amepungua karibu asilimia 10 ya uzito wake. Hicho si kipimo cha kuigwa na kila mtu, maana penye joto kali upungufu mkubwa wa maji hupunguza kasi.

Vinywaji vya michezo havimkingi anayekunywa kupita kiasi: sodiamu iliyomo ni ndogo mno kuliko ya damu.

Mwaka 2015 wataalamu waliokutana Carlsbad, California, walipendekeza mwanamichezo anywe anaposikia kiu. Kwa wengi hiyo ni mililita 400 hadi 800 kwa saa. Mwembamba anayekimbia polepole huhitaji kiasi kidogo kuliko wengine. Mizani husaidia mazoezini: aliyemaliza akiwa mzito kuliko alivyoanza amekunywa kupita kiasi.

Mkimbiaji aliyeanguka akiwa amechanganyikiwa apimwe sodiamu kabla ya kuwekewa dripu. Ikiwa imeshuka sana, hupewa maji ya chumvi ya asilimia 3. Dripu ya kawaida huweza kumzidishia uvimbe wa ubongo.