Taa Zinazoiga Jua (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kwamba jua hutoa mchanganyiko: mwanga tunaouona, joto, na miale ya urujuanimno isiyoonekana. Hakuna taa inayotoa vyote hivyo kwa kadiri ileile ya jua. Anayeunda taa huchagua fungu analolihitaji na kuliacha jingine.

Niels Finsen, tabibu wa Denmark, alianzisha taasisi yake mjini Copenhagen mwaka 1896 kutibu kifua kikuu cha ngozi, maradhi yaliyokuwa yakiwala watu nyuso. Kwa kuwa jua la huko ni haba, alitumia mwanga mkali wa umeme unaoruka kati ya vijiti viwili vya kaboni. Mwanga ulipitishwa majini ili joto libaki humo. Muuguzi naye alikandamiza kidonda kwa lenzi, damu isogee pembeni, maana damu huinyonya miale kabla haijazama ndani. Mwaka 1903 Finsen alitunukiwa Nobeli.

Mwaka 1919, mjini Berlin, Kurt Huldschinsky alitangaza kuwa ametibu matege ya watoto kwa taa ya zebaki. Glopu yake ilikuwa ya kwatsi, kwani kioo cha kawaida huzuia miale inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D. Alipomulika mkono mmoja, mifupa ya mkono wa pili nayo ilipona. Kumbe dawa yenyewe ilikuwa ikitembea mwilini.

Katika wodi za watoto wachanga urujuanimno hautakiwi kabisa. Mtoto mwenye manjano hulazwa bila nguo, macho yamefunikwa, chini ya taa ya buluu. Mwanga huo huibadili bilirubini, rangi ya manjano iliyojaa ngozini, iwe katika umbo ambalo mwili unaweza kulitoa.

Anayehitaji karibu mchanganyiko mzima ni mpimaji wa paneli za umeme wa jua, na mara nyingi hutumia taa ya zenoni. Paneli iliyoandikwa wati 100 imepimwa kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, yenyewe ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Juu ya bati la Dodoma saa saba mchana, paneli hupata moto kupita kiwango hicho, na kadiri inavyopata moto ndivyo umeme wake unavyopungua. Basi mnunuzi asikimbilie kusema ameuziwa paneli bandia. Kwanza apunguze wati kidogo katika hesabu yake.

Wiki ijayo: taa za kuoteshea mboga.