Mwalimu Mmoja, Lugha Nne: Changamoto za Kufundisha Kiswahili katika Shule za Msingi za Burundi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza mzigo unaomwangukia mwalimu wa shule ya msingi nchini Burundi anapotakiwa kufundisha Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba udugu wa Kirundi na Kiswahili, ambao ni rahisi kuuchukua kuwa sababu ya kutomwandaa mwalimu, ndio hasa unaodai maandalizi. Mifano ya sauti, msamiati na upatanisho wa kisarufi inatolewa, na mapendekezo matatu yanafuata.

1. Utangulizi

Anayesimama Kiriri, kwenye miteremko ya mashariki mwa Bujumbura, huuona mji ukishuka hadi Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa huiona milima ya Kongo. Hapo Kiriri ipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, katika majengo yaliyokuwa ya Chuo cha Roho Mtakatifu cha Wajesuiti. Chini, kwenye tambarare, upo mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani na sokoni tangu enzi za ukoloni. Juu hutolewa elimu ya lugha. Chini lugha yenyewe inaishi. Kati ya mahali hapa pawili yupo mwalimu wa shule ya msingi, ambaye huenda hakupitia Kiriri wala hakukulia Buyenzi, lakini ndiye anayetarajiwa kukipeleka Kiswahili hadi kwa watoto wa vijiji vya milimani.

2. Namna mzigo ulivyoongezeka

Kwa miongo kadhaa mpangilio ulikuwa wa lugha mbili. Kirundi, lugha mama ya takriban Warundi wote, kilikuwa lugha ya kufundishia katika madarasa ya mwanzo, kisha Kifaransa kikashika nafasi hiyo kuanzia darasa la tano. Mwaka 2005 serikali ilifuta karo ya shule za msingi. Uamuzi huo uliwafungulia mlango watoto wengi ambao wasingesoma kamwe, lakini madarasa yalifurika, na shule nyingi zikalazimika kuwapokea wanafunzi kwa zamu, wengine asubuhi na wengine alasiri.

Katika kipindi hichohicho, Burundi ikijiandaa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ilijiunga nayo mwaka 2007, Kiingereza na Kiswahili viliingizwa katika shule za msingi pamoja na Kirundi na Kifaransa, tangu darasa la kwanza. Kuanzia mwaka 2013 ukafuata mfumo wa shule ya msingi ya miaka tisa. Kila hatua ilikuwa na sababu yake nzuri. Hata hivyo, zote zilikutana mezani pa mtu mmoja, kwa kuwa katika madarasa ya mwanzo mwalimu mmoja hufundisha masomo yote. Mwalimu aliyesomeshwa kwa Kirundi na Kifaransa pekee alijikuta akiongezewa lugha mbili. Mpangilio wa madarasa unaweza kurekebishwa, lakini swali hubaki: ni nani aliyemfundisha mwalimu?

3. Udugu wa lugha na mitego yake

Jibu jepesi ni kwamba Kirundi na Kiswahili ni lugha za Kibantu, hivyo Mrundi atajifunza Kiswahili bila taabu. Jibu hilo lina ukweli. Mtoto anayesema *abantu babiri* na *ibitabo bibiri* tayari anao mfumo wa ngeli unaozaa *watu wawili* na *vitabu viwili*. Tatizo ni kwamba mlango huohuo unaoingiza ujuzi huingiza pia makosa, na makosa hayo hayaonekani kwa mwalimu mwenye lugha mama ileile.

Tuanze na sauti. Kirundi hakipambanui *l* na *r*. Kwa Kiswahili upambanuzi huo hubeba maana: *kula* si *kura*. Mwanafunzi anayeandika kwamba raia walikwenda "kupiga kula" hana uzembe, anaandika anavyosikia.

Pili ni msamiati. *Kwiga* kwa Kirundi ni kujifunza, ilhali *kuiga* kwa Kiswahili ni kufuatisha anachofanya mwingine. *Igiti* kwa Kirundi ni mti, lakini umbo linalofanana nalo katika Kiswahili, *kiti*, ni kitu cha kukalia. Mtoto akiambiwa achore kiti naye akachora mwembe, mwalimu asiyejua chanzo cha kosa atamwadhibu kwa kutosikiliza, kumbe alisikiliza vizuri mno.

Tatu ni upatanisho. Katika Kirundi jina la mnyama hufuata ngeli yake ya kimofolojia, kama katika *inka zibiri*. Kiswahili sanifu huwapa wanyama upatanisho wa viumbe hai: *ng'ombe wawili*. Mrundi husema "ng'ombe mbili" kwa mantiki kamili ya lugha yake. Kosa la namna hii halitoki kwa kurudiarudia kanuni. Hutoka mwanafunzi anapooneshwa mahali ambapo lugha mbili zinaachana njia.

Kuna mtego mwingine usio wa kisarufi. Kwa muda mrefu neno "Mswahili" nchini Burundi limebeba dharau, likimaanisha mtu wa mjini mwenye hila. Mwalimu aliyerithi mtazamo huo hufundisha lugha huku akiwaonea haya wenyewe wanaoizungumza, na watoto hulitambua hilo upesi.

4. Mapendekezo

Kwanza, kiandaliwe kiongozi cha mwalimu kinacholinganisha Kirundi na Kiswahili, sauti kwa sauti na ngeli kwa ngeli. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mtoto wa Dar es Salaam au Mombasa hakiwezi kujua kuhusu *igiti*.

Pili, mafunzo kazini yatangulie mitihani. Walimu waliohitimu Kirundi na Kiswahili pamoja ndio wanaofaa kuwa wakufunzi wa wenzao, kwa kuwa wanaziona lugha zote mbili kutoka ndani.

Tatu, wazungumzaji wa Buyenzi, Bwiza na Rumonge wachukuliwe kuwa hazina. Kiswahili chao hakilingani na kile sanifu katika kila jambo, lakini mazungumzo hayajengwi na sarufi peke yake. Kuwasikiliza wazee wa mitaa hiyo, ana kwa ana au kwa kurekodiwa, kungempa mwanafunzi lugha yenye uhai na kumpunguzia mwalimu upweke.

5. Hitimisho

Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Uamuzi huo uliandikwa mkutanoni, lakini utatekelezwa darasani, mbele ya watoto wengi na ubao mmoja. Mwalimu wa Burundi hahitaji kuambiwa tena kwamba Kiswahili ni muhimu. Anahitaji kuoneshwa kwamba Kirundi alicho nacho ni mtaji, na kufundishwa namna ya kuutumia. Bila hivyo tutaendelea kumdai mavuno ya shamba ambalo hakupewa jembe la kulilima.