Kadi ya Mpiga Mbizi Yaheshimiwa Hadi Wapi?

Barabara ya Port Bell ipitayo Bugolobi haikawii kufika Luzira, na hapo Luzira ndipo yaanzapo maji ya Ziwa Victoria. Haikutushangaza basi kuulizwa habari za mbizi hapa Bugolobi na askari mmoja kijana, aliyekuwa amerudi kutoka likizo yake ya pwani ya Kenya. Huko alijifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, akafuzu na kupewa kadi. "Wazee wangu," akatuuliza, "kadi hii ni ya chama kimoja cha Marekani. Nikienda Unguja nikakuta wenyeji wanafuata chama kingine, watanipokea? Na hapa ziwani je?"

Kijana huyu alidhani ameuliza swali moja. Kwa kweli aliuliza mawili, na majibu yake hayafanani.

Tuanze na Unguja. Ulimwenguni hakuna ofisi moja itoayo kadi za mbizi kwa watu wote. Vipo vyama vingi, na kila kimoja kina vitabu vyake na majina yake ya madaraja. Waingereza waliunda BSAC mwaka 1953. CMAS iliundwa Monaco mwaka 1959, na rais wake wa kwanza alikuwa Mfaransa Jacques-Yves Cousteau. PADI ilizaliwa Marekani mwaka 1966. Chama kimoja huhesabu madaraja kwa nyota, na kingine huyapa majina. Hata hivyo mafunzo yenyewe yanakaribiana sana, kwa sababu maji hayabagui vyama: pumzi, shinikizo na hatari ni zile zile kwa kila mzamiaji. Tena Shirika la Kimataifa la Viwango, yaani ISO, limeweka kipimo nambari 24801 chenye madaraja matatu: mpiga mbizi wa kusimamiwa, wa kujitegemea na kiongozi. Kwa kipimo hicho, kadi ya chama hiki yaweza kulinganishwa na ya chama kile.

Kwa hiyo kijana wetu asihofu. Akifika Unguja, Mafia au Watamu, kadi ya chama kijulikanacho kwa kawaida hupokelewa, hata kama bango la mlangoni ni la chama kingine. Lakini mwenye chombo ndiye aamuaye nani apande, naye hatazami kadi peke yake. Ataomba daftari la mbizi. Atauliza mara ya mwisho kuzama ilikuwa lini, na atampa fomu ya afya aijaze. Akiona muda mrefu umepita, atamtaka kwanza azame majini mafupi mbele ya mkufunzi, aonyeshe kama angali anakumbuka kutoa maji katika miwani na kuirudisha mdomoni pampu ya hewa iliyochomoka.

Wapo wanaokasirika wakiambiwa hivyo, wakaona wamedharauliwa. Ndugu askari, ninyi hamna haki ya kukasirika. Nani kati yenu hajarudishwa uwanja wa shabaha, ingawa bunduki aliifuzu zamani? Cheti chasema ulijua siku ile. Shabaha yasema wajua leo. Hata mkufunzi wa chama kimoja hawezi kutoa kadi za chama kingine mpaka apite mafunzo ya kuhamia huko.

Sasa tuje ziwani, penye jibu la pili. Kadi ya daraja la kwanza humruhusu mtu mita 18 au 20, kwa kadiri ya chama chake. La pili katika vyama vingi humfikisha mita 30, na mpaka wa kawaida wa mbizi za starehe ni mita 40. Mipaka hiyo hufundishwa kwa hesabu za baharini. Ziwa Victoria liko kiasi cha mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na vyama huanza kudai hesabu za nyanda za juu tangu mita 300. Hewa ya huku ni nyepesi zaidi. Mzamiaji akitoka chini, shinikizo analorudia ni dogo kuliko la Mombasa, na gesi iliyoingia mwilini hupata njia rahisi ya kufanya mapovu. Hivyo mita 18 za ziwani hapana budi kuhesabiwa kama 20 au zaidi. Tena maji baridi yasiyo na chumvi hayamwinui mtu kama ya bahari, basi risasi alizojifungia kiunoni huko Diani zitamvuta kupita kiasi huku. Na giza la ziwa letu halina cha kulinganishwa na uangavu wa matumbawe.

Haya hayaandikwi juu ya kadi, lakini kwa askari ndiyo makubwa. Septemba 20, 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Tanzania, na zaidi ya watu 200 wakafa; siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa mhandisi akiwa hai ndani ya chombo hicho. Novemba 24 mwaka huo huo mashua ya starehe ilizama wilayani Mukono, ikapoteza watu zaidi ya 30. Na gari lililotumbukia kivukoni Likoni Septemba 29, 2019, lilipatikana kwenye kina cha mita 58, chini kabisa ya mpaka wa kadi yoyote ya starehe ya kawaida. Kazi kama hizo zina mafunzo yake, kamba zake, mlinzi wake wa juu na amri yake.

Siku ya msiba umati utapiga kelele: "Wewe una kadi, zama!" Hapo ndipo ushujaa hupimwa kwa akili. Askari mwenye kadi ya starehe atupe kamba na maboya, aweke alama mahali chombo kilipozamia, awahesabu waliookolewa, na kuwaita wazamiaji wa kikosi. Akiingia katika chombo kilichopinduka bila mafunzo hayo, huenda akaongeza maiti wa kutafutwa na wenzake.

Tulimrudishia kijana kadi yake, tukamwambia aitunze, pamoja na daftari. Unguja watamfungulia mlango kwa hiyo kadi. Ziwani, kwanza amtafute mkufunzi alijuaye ziwa.