Nyunzu: Kwa nini injini inapiga kelele zaidi asubuhi?

Asubuhi na mapema, hapa Nyunzu, wamotari wanawasha pikipiki na malori yanajitayarisha kwa barabara ya Kalemie. Injini inanguruma na kugonga, kisha baada ya dakika chache inatulia. Wengine wanafikiri imeharibika. Wengine wanakanyaga mafuta kwa nguvu ili ipate moto haraka. Hao ndio wanaoiharibu kweli.

Kwa injini, baridi si ile ya kuvaa koti. Injini ya gari ikiwa kazini, maji yake yanafika karibu digrii 90. Ikilala usiku kucha inashuka hadi joto la hewa, digrii 20 hivi. Kwa chuma, tofauti hiyo ni kubwa.

Kelele inatoka wapi? Kwanza, mafuta ya injini. Usiku yanateremka chini, na yakipoa yanakuwa mazito. Kwa sekunde za kwanza, vyuma vya juu vinafanya kazi karibu vikavu.

Pili, pistoni. Nyingi ni za aluminiamu, ambayo ikipata moto inapanuka kuliko chuma cha silinda. Ikiwa baridi inabakiza nafasi pembeni, na inagonga ukuta.

Tatu, esansi haigeuki mvuke vizuri kwenye baridi. Ndiyo maana gari zenye kompyuta zinaongeza esansi zenyewe, na injini inazunguka mara 1,200 hivi kwa dakika, badala ya 800 ikiwa imepata moto.

Malori ya mazuti yana yake. Hayana cheche: mazuti inawashwa na joto la hewa iliyobanwa. Injini ikiwa baridi, mazuti inachelewa kuwaka, inajikusanya, halafu inawaka kwa mara moja. Ndiyo ile ka-ka-ka mnayosikia.

Basi dereva afanye nini? Aache injini izunguke yenyewe nusu dakika hadi dakika moja, kisha aondoke polepole. Itamalizia kupata moto barabarani. Kama gari ya mazuti ina taa ya buji za kupashia moto, angoje izimike kabla ya kuwasha. Na mafuta yawe ya namba inayoombwa na kitabu cha gari. Kwenye kopo la 15W-40, namba iliyo mbele ya W inahusu baridi: ikiwa ndogo, mafuta yanatiririka upesi zaidi asubuhi.

Usiwashe pikipiki wala jenereta ndani ya nyumba, hata kwa dakika mbili. Ndani ya moshi kuna gesi isiyo na harufu, na inaua.

Kelele inayoisha injini ikipata moto, mara nyingi si hatari. Lakini sauti ya kupuliza inayoonekana asubuhi tu inaweza kuwa ufa kwenye bomba la moshi, ambao chuma kikipanuka kinauziba. Mwonyeshe fundi. Kama kugonga kunaendelea, au taa nyekundu ya mafuta haizimiki, zima papo hapo. Kuongeza mafuta ya injini ni bei ndogo; kununua injini nyingine ni kupoteza kazi.