Mzee Anapojiandaa kwa Safari Ndefu

Mtumishi wa serikali akifika miaka 60 hustaafu kwa lazima. Wengine huomba kustaafu wakiwa na miaka 55. Akisha kupata kiinua mgongo chake na kurudi kijijini, jambo moja humjia moyoni. Watoto wametawanyika, na wajukuu wengine hajawaona hata kwa sura. Sasa ana nafasi, anataka kuwazungukia. Hata mkulima, ambaye hana siku ya kustaafu, akizeeka humwachia mwanawe jembe na kufunga safari kama hiyo.

Safari hiyo ni njema, wala sisi wa zahanati hatumkatazi mzee kusafiri. Tunamwomba ajiandae. Huko Australia wapo wastaafu wengi wanaosafiri miezi mingi wakivuta nyuma ya gari kijumba chenye kitanda, jiko na tangi la maji. Akichoka analala, akitaka dawa anafungua kabati lake. Mzee wetu anasafiri kwa basi na gari la moshi, na kijumba chake ni mfuko anaoupakata. Kwa hiyo mfuko huo lazima upangwe vizuri.

Tuseme mzee wetu ni mwalimu mstaafu wa Makete, mwenye miaka 67. Ana shinikizo la damu na kisukari, na kila siku anameza dawa. Anataka kwenda kwa binti yake Dar es Salaam, kisha apande gari la moshi mpaka Kigoma kwa mwanawe. Reli hiyo ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa kilometa 1,250 hivi. Safari nzima, kwenda na kurudi, itachukua wiki 6.

Jambo la kwanza ni kwenda kliniki mwezi mmoja kabla ya safari. Asiende siku ya mwisho, huku mkoba uko begani na basi linapiga honi. Mganga apime shinikizo la damu na sukari. Kama shinikizo liko juu, kuna nafasi ya kubadili dawa na kuona kama imemfaa. Dawa mpya haifai kujaribiwa njiani. Mganga atazame na miguu, maana mwenye kisukari anaweza kuwa na kidonda unyayoni asikisikie. Viatu vipya vya safari avivae nyumbani kwanza, kidogo kidogo, mpaka vimzoee.

Jambo la pili ni hesabu ya dawa. Wiki 6 ni siku 42. Aongeze wiki 2 za akiba, maana magari huharibika na binti humzuia baba asiondoke. Jumla ni siku 56. Kama dawa moja anameza kidonge 1 kwa siku, anahitaji vidonge 56. Kama anameza 2 kwa siku, anahitaji 112. Shika kalamu, mzee, ufanye hesabu hiyo kwa kila dawa, kisha mwonyeshe mganga.

Dawa zikae kwenye mfuko wa mkononi. Tumewaona wazee wengi wanaoweka dawa kwenye begi kubwa, na begi linaingia kwenye buti la basi. Mchana kutwa linapikwa na joto, na saa ya kumeza ikifika mzee hawezi kulifikia. Kila dawa ibaki katika pakiti yake yenye jina. Vidonge vyeupe vya aina tatu vikichanganywa katika chupa moja, hata mganga hawezi kuvitenganisha.

Anayejichoma sindano za insulini asiogope sana habari za jokofu. Chupa ambazo hazijafunguliwa ndizo hutunzwa kwenye baridi. Iliyoanza kutumika, kwa aina nyingi, hukaa kama wiki 4 nje ya jokofu mahali pasipo joto kali. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliotazama joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini ya Kenya, ambako joto hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini ilibaki na nguvu yake kwa wiki 4. Lakini jua lenyewe huiharibu, na kioo cha basi ni jua. Aifunge kwa kitambaa na kuiweka katikati ya nguo.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo wazee huona haya kulisema. Mimi ni kijana, naomba wazee wangu waniwie radhi. Mzee anajua kwamba basi halisimami ovyo. Basi tangu jana yake hanywi maji, na asubuhi haimezi ile dawa ya shinikizo inayoongeza mkojo. Anasema atameza akifika. Hili ndilo kosa linalowaangusha wazee wengi kuliko urefu wa njia. Mtu akizeeka kiu yake hupungua, kwa hiyo mwili unaweza kukaukiwa maji naye hasikii kitu. Asipokunywa, kichwa kinazunguka, damu inakuwa nzito, na akisimama ghafla anaanguka.

Dawa isiachwe. Amwulize mganga saa nzuri ya kuimeza siku ya safari. Maji anywe kidogo kidogo, mafunda machache kila mara. Na kabla ya kupanda, amwambie kondakta waziwazi: "Mwanangu, mimi ni mzee, gari likisimama watu wachimbe dawa, usiniache." Kondakta naye ana baba. Mwanamume mwenye tezi dume asibane mkojo kwa saa nyingi, maana unaweza kuziba kabisa usitoke. Hilo likitokea ni la hospitali siku hiyo hiyo.

Tuje kwenye miguu. Mtu akikaa saa nyingi magoti yamekunjwa, damu miguuni huenda polepole na inaweza kuganda. Donge la damu likikatika hupanda mpaka kwenye mapafu, na linaweza kuua. Jambo hili si geni. Mwaka 1940, wakati wa vita, watu wa London walilala usiku wakiwa wamekaa kwenye viti katika mahandaki ya kujikinga na mabomu, na baadhi yao walikufa kwa madonge ya namna hii. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya kukaa kwa zaidi ya saa 4, iwe kwa ndege, basi, gari la moshi au gari dogo, huongeza hatari hiyo kama mara mbili. Kwa mtu mzima wa afya bado ni hatari ndogo. Lakini ni kubwa zaidi kwa aliyepasuliwa karibuni, mwenye saratani, au aliyewahi kuganda damu. Hao wasipande basi kabla ya kuonana na daktari.

Kinga yake haina gharama. Akiwa amekaa, akanyage visigino na kuinua vidole, kisha akanyage vidole na kuinua visigino, mara 20 au 30 kila saa. Gari likisimama, ashuke na kutembea hata kama hana haja. Mzigo usiwekwe miguuni, maana unamfunga. Kwenye gari la moshi ni rahisi zaidi, anaweza kusimama na kwenda ujia wa behewa, ila ashike vyuma. Asimeze aspirini kwa kuambiwa na jirani wa kiti.

Miguu yote miwili ikivimba kidogo baada ya safari, jambo hilo huwapata watu wengi, na hupungua akiinua miguu. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa na moto, hasa kwenye shavu la mguu, ni jambo lingine. Msimchue. Mpelekeni hospitali. Na akibanwa ghafla na pumzi au kifua, msingoje kukuche. Dalili hizi zinaweza kuja siku kadhaa au hata wiki kadhaa baada ya kufika, watu wakiwa wamekwisha kusahau safari.

Kuhusu chakula, achukue cha nyumbani: viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, karanga. Mwenye kisukari akimeza dawa asipokula, sukari inaweza kushuka. Atatoka jasho, atatetemeka, atasema maneno yasiyoeleweka, na abiria watadhani amelewa. Apewe haraka vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika maji, au nusu chupa ya soda, kama anaweza kumeza. Akizimia asinyweshwe kitu. Mfukoni asikose sukari kidogo, pamoja na pakiti mbili za chumvi chumvi za kuharisha.

Makete ni nchi ya baridi na malaria ni kidogo. Kigoma malaria ni nyingi. Mzee wetu aende na chandarua chake, asitegemee cha mgeni. Homa ikimshika kule, au hata wiki kadhaa baada ya kurudi Makete, apimwe, na amwambie mganga kwamba alikuwa Kigoma.

Mwisho ni karatasi. Kadi ya kliniki na ya bima zikae pamoja. Na kwenye karatasi moja, kwa mkono wake mwenyewe kama anaweza, aandike jina lake, kijiji chake, maradhi yake, majina ya dawa na saa za kumeza, na namba za simu za wanawe wawili. Karatasi hiyo aiweke katika mfuko wa shati, si kwenye begi, na jirani wa kiti aambiwe ilipo.