Zotero: programu ya bure inayomlinda mwanafunzi asipoteze referansi za TFC yake

Wiki mbili mbele ya kutetea TFC, mwanafunzi anarudishiwa kazi na direkta wake. Kurasa zimejaa wino mwekundu, lakini si juu ya mawazo yake. Direkta anauliza: kitabu hiki cha ukurasa wa 14 kiko wapi kwenye bibliografia? Mwandishi huyu wa ukurasa wa 22, mbona mwishoni ameandikwa na mwaka mwingine? Na sentensi hii nzuri namna hii, imetoka wapi?

Mwanafunzi alikisoma kitabu hicho kweli, miezi saba iliyopita, mu maktaba. Lakini kikaratasi alichoandikia ukurasa kimepotea.

Wanafunzi wengi wa Bukavu, Goma, Butembo, Bunia, Uvira ao Kisangani wanaijua hali hii. Anayeshindwa kuonyesha alikotoa maneno anaweza kuhesabiwa kama mtu aliyeiba kazi ya mwingine, hata kama hakukusudia. Siku ya kutetea inasogezwa, na makuta ya kuchapisha kazi upya yanatoka tena mfukoni mwa mzazi.

Kuna programu za kompyuta zilizotengenezwa juu ya tatizo hili. Moja kati yao ni Zotero, na hailipishwi.

Zotero ni kitu gani?

Zotero ilianza mwaka 2006 kwenye chuo kikuu cha George Mason, mu jimbo la Virginia, Marekani. Walioianzisha ni watu wa historia, wenye kazi ya kusoma maandishi mengi na kuonyesha kila neno limetoka wapi. Ni programu huria, ni kusema kila mtu ana haki ya kuitumia na kumpa mwenzake. Inaweza kuwekwa mu Kifaransa.

Ziko zingine. Mendeley nayo inapatikana bure, lakini tangu 2013 iko mikononi mwa kampuni kubwa ya kuchapisha vitabu na majarida, Elsevier. EndNote inauzwa, na bei yake si ya mwanafunzi wa kawaida.

Namna rahisi ya kuielewa Zotero ni kufikiri juu ya kabati la maktaba lenye droo za kadi. Kila kitabu, makala, sheria ao ripoti ina kadi yake: jina la mwandishi, kichwa, mwaka, mji, mchapishaji. Kadi zinapangwa mu mafungu, kwa mfano fungu moja kwa kila sura ya TFC. Juu ya kila kadi mtu anaweza kutundika faili ya PDF na maandishi yake mwenyewe: ukurasa gani, wazo gani, maneno gani ya kunukuu.

Kazi inavyoendeshwa

Kadi inaingia kwa njia tatu. Ya kwanza, mwanafunzi akiwa kwenye intaneti na Firefox ao Chrome, anabonyeza alama ndogo ya Zotero, na kadi inajiandika. Ya pili, anaingiza namba ya ISBN iliyoko nyuma ya kitabu, ao namba ya DOI ya makala, na programu inatafuta yaliyobaki. Ya tatu ni kuandika kwa mkono. Hii ya tatu inahitajika sana kwetu, juu vitabu vingi vilivyochapishwa hapa nchini havipatikani kwenye intaneti.

Kiisha, mwanafunzi anafungua Word ao LibreOffice. Zotero inaongeza vitufe vyake mule. Pale anapotaka kutaja chanzo, anabonyeza kitufe, anaandika jina la mwandishi, anachagua kadi, anaongeza namba ya ukurasa. Mwisho wa kazi anabonyeza kitufe kingine, na bibliografia yote inapangwa kwa alfabeti. Chanzo kilichotajwa mu maandishi hakiwezi kusahauliwa mwishoni, juu ni programu yenyewe inayoandika orodha.

Faida kubwa inaonekana siku direkta anasema: «Hapana, hapa tunatumia APA, si maandishi ya chini ya ukurasa.» Anayeandika kwa mkono anaanza upya usiku kucha. Mwenye Zotero anachagua mtindo mwingine, na referansi zote zinabadilika mara moja. Iko na mitindo zaidi ya 10,000, kama vile APA, Chicago na Vancouver ile ya watu wa udaktari.

Kitu kimoja cha kuangalia: kazi ianze na iishe mu programu moja. Anayeanza na LibreOffice halafu akaenda kumalizia na Word kwa rafiki anaweza kukuta referansi zimegeuka maandishi ya kawaida, na Zotero haizitambui tena.

Umeme na mega ni shida: itawezekana?

Inawezekana. Zotero inakaa ndani ya kompyuta yenyewe. Intaneti inahitajika kwa kuipakua, kwa kuvuta kadi na kwa kuhifadhi nakala ya mbali. Kusoma PDF zilizokwisha kuingia, kuandika maelezo, kuweka referansi na kubadilisha mtindo uliokwisha kuwekwa, yote yanafanyika bila mega hata moja. Mwanafunzi anaweza kwenda siku moja kwenye cyber, akavuta anayohitaji, halafu akafanya kazi nyumbani. Na juu ni programu huria, mmoja wa promosyo anaweza kuipakua na kuwapa wengine kwa flashi, mradi flashi ipimwe virusi kwanza.

Majina ya kwetu yanaisumbua mashini

Hapa njo kwenye makosa mengi. Programu inafikiri kila mtu ana jina moja la mbele na jina moja la ukoo. Mkongomani ana jina, postnom na prenomu. Mashini ikikutana na Isidore Ndaywel è Nziem, mwandishi wa Histoire générale du Congo ya mwaka 1998, inaweza kumpanga kwenye herufi N ya «Nziem» na kumwacha Ndaywel kama jina la mbele. Dawa ni kusahihisha kadi: jina pamoja na postnom vinaingia kwenye nafasi ya jina la ukoo, Isidore peke yake kwenye nafasi ya jina la mbele.

Vitabu vya wakati wa Zaïre vina shida yake. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kikristu, na waandishi wengi walitia sahihi bila prenomu. V. Y. Mudimbe, aliyeandika The Invention of Africa mwaka 1988, anapatikana pengine kama Valentin-Yves, pengine kama Vumbi Yoka. Ni mtu mmoja. Kama kadi zake zimeandikwa kwa namna tatu, bibliografia inaweza kuonyesha watu watatu, na jiri itacheka.

Kwa wizara ao shirika, kadi ina namna ya kuweka jina lote mu nafasi moja. Bila hivyo, «Ministère des Mines» itaandikwa kama vile ni mtu aitwaye Mines.

Sheria na mahojiano pia

Mwanafunzi wa sheria anayeandika juu ya madini anachagua kadi ya aina ya sheria, anaingiza namba na tarehe: sheria n° 007/2002 ya 11 Julai 2002, na ile iliyoibadilisha, n° 18/001 ya 9 Machi 2018. Ni kadi mbili tofauti. Kuzichanganya ni kosa la maana, si la mapambo tu, juu mabadiliko ya 2018 yaligusa malipo ya kampuni na haki za wakaaji wa maeneo ya madini.

Mahojiano na mzee wa kijiji, na mama mwuza samaki ao na chifu wa grupma, nayo yana aina yake ya kadi: nani alisema, wapi, tarehe gani. Lakini kama kumtaja mtu kunaweza kumletea hatari, jina lake lisiingie kwenye kadi. Alama iliyokubaliwa na direkta inatosha.

Programu haina akili ya kuhukumu

Zotero inapanga kile ilichopewa. Kadi ikiingia na mwaka wa uongo, bibliografia itatoka na uongo uleule, umepangwa vizuri. Kila kadi iliyojiandika yenyewe inafaa kusomwa mbele ya kuitumia.

Hatari mpya ni akili bandia. Wanafunzi wengine wanaiomba vyanzo, na inaweza kubuni makala ambayo haikuandikwa kamwe, tena na jina la profesa wa kweli. Jaribio la kwanza ni rahisi: DOI yake iingizwe mu Zotero. Kama hakuna kinachotoka, ao kunatoka kichwa kingine, kuna mashaka makubwa. Lakini jibu la mwisho ni moja: makala ambayo mwanafunzi hajaifungua na kuisoma haiingii mu kazi yake.

Mashini ikiibiwa, ao familia ikikimbia

Mu majimbo yetu hili si swali la mbali. Anayefungua akaunti ya bure ya Zotero anaweza kuhifadhi kadi zake zote mbali bila kulipa; kikomo ni cha faili kama PDF, mega 300. Hata akiacha kompyuta nyuma, siku anapopata nyingine na intaneti kidogo anaingiza neno lake la siri, na orodha yake ya vyanzo inarudi. Asiye na intaneti anakili folda nzima ya Zotero kwenye flashi kila wiki, huku programu imefungwa, na flashi hiyo haikai mu mfuko mmoja na mashini.

Maandishi ya TFC yenyewe hayahifadhiwi na Zotero. Nayo yanahitaji kopi yake.

Wakati mzuri wa kuanza si wiki mbili mbele ya kutetea. Ni siku ile mada inakubaliwa, na kitabu cha kwanza kinafunguliwa mu maktaba. Kadi moja inachukua dakika mbili. Kuitafuta referansi iliyopotea, wengine wanaendelea mpaka leo.