Unataka kumfanya bibi yako awe mhusika wa hadithi? Mpunguzie sifa kwanza

Karibu kila ukoo una mtu wake ambaye stori zake haziishi. Anaweza kuwa bibi aliyesomesha watoto sita kwa kuuza vitumbua, au mjomba asiye na hela lakini harusi bila yeye haichangamki. Ukianza kuandika, iwe riwaya, filamu fupi au hadithi ya kurusha WhatsApp kipande kwa kipande, huyo ndiye anayekujia kichwani kabla ya mwingine yeyote.

Na si vibaya. Baadhi ya wahusika wanaojulikana dunia nzima walitoka sebuleni kwa waandishi wenyewe. Homer, Marge, Lisa na Maggie wa katuni ya The Simpsons, kwa mfano, wamebeba majina ya baba, mama na dada wawili wa mbunifu wake, Matt Groening.

Lakini kuna mtego hapo. Mtu unayempenda sana ndiye mgumu kuliko wote kumwandika. Tuangalie kwa nini iko hivyo, waandishi wakubwa walifanyaje, na ni kitu gani kinaweza kuharibika nyumbani.

Kwa nini mapenzi yanaua hadithi?

Hadithi inasonga kwa sababu kuna mtu anataka kitu, anazuiwa, anakosea, halafu anayalipia makosa yake. Sasa bibi yako unataka akosee? Akope asilipe? Amnyanyase mkwe wake? Hutaki. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza anatoa hekima, ukurasa wa kumi anatoa hekima, mwisho anafariki na wote wanalia.

Wewe utalia kweli, maana unamjua. Msomaji hatalia, kwa sababu hajawahi kula vitumbua vyake. Kwake huyo ni yule tuliyefundishwa kwenye fasihi kuwa ni mhusika bapa: ana upande mmoja tu, na haubadiliki. Inakuwa kama kusikiliza wasifu wa marehemu msibani. Umeshawahi kusikia marehemu aliyekuwa na kasoro?

Dickens alivyomwandika baba yake

Mwaka 1824, baba yake Charles Dickens alifungwa katika gereza la Marshalsea, London, kwa sababu ya madeni. Charles alikuwa na miaka 12, akifanya kazi kwenye kiwanda cha rangi ya viatu, kubandika lebo kwenye vikopo. Jambo hilo lilimuuma maisha yake yote.

Alipoandika riwaya ya David Copperfield, iliyotoka kwa sehemu kati ya 1849 na 1850, baba huyo akageuka kuwa Mr. Micawber: mtu wa maneno makubwa, mkopaji asiyechoka, ambaye kila siku anaamini kesho mambo yatanyooka. Wasomaji walimpenda, na madeni yake yote.

Angalia alichofanya Dickens. Kwanza, hakuificha kasoro. Aliifanya kuwa uti wa mgongo wa mhusika. Pili, na hapa ndipo penye ufundi, Micawber si baba wa David. Ni mwenye nyumba tu ambako David amepanga chumba. Baba wa David alishakufa kabla mtoto hajazaliwa.

Kwa kumtoa kwenye kiti cha baba, Dickens alipata nafasi ya kumcheka bila chuki na kumhurumia bila kumlaumu. Mwanaye wa kweli angepata shida kufanya hivyo.

Harper Lee alikata, akaongeza

Mfano mwingine ni Atticus Finch, wakili wa kwenye To Kill a Mockingbird, riwaya ya Mmarekani Harper Lee iliyotoka 1960. Atticus anamtetea mtu mweusi aliyesingiziwa ubakaji katika mji uliojaa ubaguzi.

Lee alimchota kwa baba yake mzazi, Amasa Coleman Lee, wakili wa Monroeville, Alabama. Mwaka 1919 baba huyo aliwatetea wanaume wawili weusi, baba na mwanaye, waliokuwa wameshtakiwa kwa mauaji. Alishindwa, wakanyongwa.

Lakini kitabu si picha ya familia yao. Harper alikuwa mmoja wa watoto wanne. Atticus ana wawili tu. Mama yake Harper aliishi mpaka 1951, ilhali Atticus ni mjane. Hata jina Finch alilitoa upande wa mama, ndilo lilikuwa jina lake la ukoo kabla ya kuolewa.

Kuna jambo jingine la kufikirisha. Mwaka 2015 kilitoka Go Set a Watchman, kitabu alichokiandika kabla ya hicho maarufu. Humo binti ni mtu mzima, anarudi nyumbani na kumkuta baba yake kwenye mkutano wa watu wanaopinga haki za weusi. Wasomaji wengi waliumia, walishazoea Atticus asiye na doa. Kwa maneno mengine, kabla ya kumwandika baba ambaye wengi walimwona kama malaika, Lee alikuwa ameshamwandika baba anayemwangusha mwanaye.

Sasa wewe ufanyeje?

Hizi ni njia ambazo zinatokana na mifano hiyo, na unaweza kuzijaribu leo kwenye simu yako:

• Chukua vitu viwili au vitatu, vingine acha. Labda anavyofunga hela kwenye pindo la khanga, na anavyonyamaza akikasirika. Hivyo vinatosha kumfanya mtu aonekane. Ukibeba maisha yake yote, unaandika wasifu.

• Tafuta kasoro ndani ya uzuri wake. Bibi ni mkarimu? Basi ukarimu huo umponze. Amkopeshe jirani ada ya mjukuu, na shule inafungua Jumatatu. Hujamtukana, umempa shida inayomfaa.

• Mbadilishie nafasi, kama Dickens. Mama awe shangazi, babu awe fundi cherehani wa mtaani. Ukimsogeza hatua chache, unamwona vizuri zaidi.

• Mpeleke ambako hakuwahi kufika. Mtu wa Tanga mjini mpe kesi mahakamani Dodoma. Ukibaki kwenye yaliyotokea kweli, kila wakati utajibu “lakini ndivyo ilivyokuwa”. Msomaji hataki hilo, anataka kuamini.

• Sikiliza anavyoongea. Kila mtu ana neno lake, salamu yake, namna yake ya kukataa bila kusema hapana. Hicho ndicho kitu cha kuchukua bila kubadili sana.

Na kama bado yuko hai?

Hapa ndipo watu hukosana. A. A. Milne, mwandishi Mwingereza, alimweka mwanaye Christopher Robin kwenye hadithi za Winnie-the-Pooh kuanzia 1926, kwa jina lake halisi, pamoja na midoli yake. Vitabu vikapendwa sana.

Mtoto ndiye aliyelipa. Alipokwenda shule ya bweni, wenzake walimtania kwa yale aliyoandika baba yake. Alipokuwa mkubwa alifungua duka la vitabu, na mwaka 1974 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake. Humo alieleza uchungu wa kuhisi kwamba baba yake alijijengea jina kupitia utoto wake.

Milne alimpenda mwanaye. Shida ni kwamba mtoto hakuwa na namna ya kukubali wala kukataa.

Kwa hiyo jiulize mapema: hii stori ni yangu au ni yake? Bibi kukusomesha ni stori yenu wote. Ugonjwa wake, ndoa yake ya kwanza, mtoto aliyezaa nje, hizo ni zake. Kubadili jina tu hakusaidii. Ukiandika muuza vitumbua mwenye kovu shavuni anayekaa karibu na msikiti, mtaa mzima utamjua kabla ya aya ya pili.

Kama ni mzima na ana akili zake timamu, mwambie. Msomee kipande. Huenda akakwambia “hapa umeongopa”, na hapo hapo akakupa stori tamu kuliko uliyokuwa nayo. Akikataa, heshimu. Hadithi unaweza kuandika nyingine, bibi hupati mwingine.

Kipimo cha mwisho

Usiwape ndugu zako wasome kwanza. Wao watamwona bibi hata kwenye sentensi mbovu. Mpe mtu ambaye hakumjua kabisa.

Akikuuliza “halafu akafanyaje?”, umepata mhusika. Akikwambia “pole kwa msiba”, kaa chini uanze upya.